Kaunti Isiyo na Jambo

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utajichosha bure, na ukiikuta nje ya dirisha lako, basi hayo ni yako na dirisha lako, mimi usinitaje. Ninachojua ni kwamba katika nchi hiyo isiyokuwapo kulikuwa na kaunti iitwayo Shwari, na hapajapata kutokea kaunti iliyotawaliwa kwa hekima kama ile. Nasema haya kwa moyo mweupe. Mimi hukodisha viti na maturubai kwa mikutano ya serikali, kwa hiyo hekima hiyo nimeisikia kwa karibu, tena kupitia spika.

Gavana wetu alikuwa Mtukufu Kitwana Tambo. Vyeo vilivyotangulia jina lake vilikuwa vingi hata mshereheshaji hulazimika kunywa maji katikati. Kushoto kwake hukaa Dakta Kasoro, Waziri wa Hazina ya Kaunti, mtu mwembamba mwenye suti pana, bingwa wa hesabu za kutoa. Za kujumlisha aliwaachia wenye maduka.

Shida ya Shwari ilikuwa watu wake. Walikuwa na tabia mbaya ya kuongezeka. Wakizaliwa wanataka mkunga, wakikua wanataka shule, wakiona kiu wanataka maji, na wakiugua, badala ya kuvumilia kama wazalendo, wanataka dawa. Kila mwaka ripoti ilifika mezani kwa Gavana ikisema mahitaji ya huduma yamepanda.

"Yamepanda kwa ruhusa ya nani?" Gavana akauliza siku moja, akiwa amekasirika kwelikweli.

Ndipo Dakta Kasoro alipotoa nasaha iliyompatia nishani. "Mtukufu," alisema, "kaunti zisizo na wasomi, mahitaji yakipanda, hukimbilia kupandisha huduma. Huko ni kufukuza upepo. Sisi tuyashushe mahitaji yenyewe."

"Tutayashushaje?"

"Kwa salamu, Mtukufu."

Hapa naomba msomaji atulie, maana jambo hili ni la kitaalamu. Katiba ya nchi ile isiyokuwapo inasema hivi: bajeti ya kaunti haitapitishwa mpaka wananchi wakusanywe hadharani na kuulizwa kama wana jambo. Magavana wengine waliielewa vibaya ibara hiyo. Waliita watu, wakawapa kipaza sauti, watu wakaanza kutaja visima, barabara na vyoo, na bajeti ikaharibika. Dakta Kasoro aliisoma kama inavyosomwa na mtu aliyekwenda shule. Kumuuliza mtu kama ana jambo, kwa Kiswahili fasaha, si ndiyo kumwambia "Hujambo"? Na watu wengi je?

Basi mwaka ule Gavana alipanda jukwaani kule kata ya Kisimani, akainua mkono, akanguruma: "Wananchi, hamjambo?"

Na watu, maskini watu wenye adabu zao, wakaitikia kwa kishindo kilichotikisa turubai langu: "Hatujambo!"

Gavana akashuka. Mkutano ulikuwa umekwisha. Karani aliandika kwamba wananchi waliulizwa kama wana jambo, nao kwa sauti moja, bila kushurutishwa, wakajibu kuwa hawana. Wengine tulidhani Gavana ameshuka kwenda kujisaidia, tukabaki tumekaa mpaka wapagazi walipoanza kukusanya viti vyangu.

Kwa kuwa wananchi hawakuwa na jambo, ingekuwa utovu wa adabu kuwapelekea huduma. Bajeti ikasafishwa. Fungu la maji likahamishiwa kwenye chemchemi ya mapambo mbele ya ofisi ya Gavana. Fungu la barabara likanunua zulia jekundu refu, kwa hoja kwamba nalo linakanyagwa. Na mkunga wa zahanati ya Kisimani, Nesi Faraji, alihamishiwa kwenye makazi rasmi ya Gavana, ambako ng'ombe wa maziwa wa Mtukufu alikuwa na mimba ya hatari. Zahanati ikafungwa kufuli, na mlangoni likatundikwa bango: TUNAWAPONGEZA KWA KUTOKUWA NA JAMBO.

Bi Mashavu ndiye mtu wa kwanza kulisoma bango hilo kwa sauti. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, msusi wa ukili wa mikeka, mnene wa mwili na mwembamba wa subira. Alikwenda na binti yake Pili, mwenye mimba ya miezi saba, kupima. Akalisoma bango mara mbili, kisha akamwambia Pili akae kivulini, yeye akapanda gari la mizigo kwenda makao makuu ya kaunti.

Huko alipokewa vizuri. Karani alimkalisha, akasikiliza haja yake kwamba mkunga arudishwe Kisimani, kisha akatabasamu kwa huruma.

"Lakini mama, wewe huna jambo."

"Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe. Mwaka huu, uwanjani."

Akafungua kabati, akatoa redio ya kaseti, akabonyeza. Ikasikika sauti ya Gavana ikiuliza, na baada yake ngurumo ya watu. Karani akairudisha nyuma, akaicheza tena polepole, akainua kidole. Katikati ya ngurumo ile kulikuwa na sauti moja nene iliyozishinda zote. Bi Mashavu hakuwa mtu wa kuitikia kwa kunong'ona.

"Hiyo si yako, mama?"

"Ni yangu. Lakini ile ilikuwa salamu, mwanangu. Ukisalimiwa unaitikia."

"Serikali haina uwezo wa kujua yaliyo moyoni, mama. Inachukua neno kama lilivyotamkwa. Ndiyo sera." Akamsindikiza mpaka mlangoni, na kwa kuwa alikuwa kijana aliyelelewa, akamalizia, "Haya, mama, hujambo lakini?"

Bi Mashavu alifungua kinywa, akakifunga. Aliniambia baadaye kwamba siku ile ndipo alipotambua jinsi neno lile lilivyokaa karibu na meno.

Sasa nitaeleza jambo moja bila mzaha, kisha nirudi kwenye utiifu wangu. Bi Mashavu alikuwa na binti mwingine, mkubwa, akiitwa Mwanaidi. Mwaka juzi alishikwa na uchungu, mkunga yuko likizo, gari la wagonjwa limebeba viti vya sherehe, na viti hivyo vilikuwa vyangu. Walimtia kwenye mkokoteni kumpeleka hospitali kuu. Alikata roho kabla ya kufika kwenye lami, yeye na mwanawe. Alfajiri jirani wa kwanza akaingia uani kwa Bi Mashavu, akasema, "Habari za hapa?" Na Bi Mashavu, maiti ya mwanawe imelala chumbani, akajibu, "Nzuri." Ndivyo tulivyofundishwa. Nzuri kwanza, msiba baadaye. Mimi nilikuwa uani pale, nikamsikia, na nikaona uchungu ambao sina namna ya kuueleza. Watu wastaarabu kiasi hicho, mtu anapata wapi roho ya kuwaibia?

Basi. Gavana alikuwa kiongozi hodari.

Bi Mashavu aliporudi Kisimani alikusanya watu kwenye uwanja wa zahanati, mbele ya bango la pongezi. Aliwaeleza aliyoyasikia kwenye redio. Akasema mkutano wa bajeti mpya unakuja, na safari hii Gavana akiuliza, ataambiwa kweli.

Mzee Shomari, mkubwa wa umri kuliko wote kata nzima, hakupendezwa. "Mashavu, salamu ni amana. Mtu akikusalimu ukamjibu shari, umemkosea hata babu yake. Tangu lini Mswahili akaulizwa hujambo akasema ninalo?"

"Tangu walipoifanya salamu kuwa mtego, Mzee wangu."

"Adabu haivunjwi kwa sababu mwenzako hana."

"Sijasema tuvunje. Salamu tutaitikia, tena kwa sauti. Ila tutaitikia tuliyonayo." Akamshika Pili mkono, akamsimamisha mbele ya watu, tumbo mbele. "Huyu mimba yake itatimia wiki ya mkutano. Mmoja nilimzika nikisema nzuri. Wa pili simziki. Mwenye adabu zaidi yangu aje anichimbie yeye kaburi."

Mzee Shomari alitazama chini, akachora mchanga kwa fimbo, na mwishowe akasema, "Haya, tufundishe."

Yakaanza mazoezi, na hapo ndipo nilipojua kwamba ulimi ni punda. Bi Mashavu alisimama kisimani akawasalimu wachota maji, "Hamjambo?" Wakajibu, "Hatujambo!" kisha wakajipiga vinywa. Akawasalimu harusini, wakateleza. Akawasalimu mazikoni, wakateleza hata wafiwa. Watoto ndio waliolipata jibu jipya kwanza, wakawa wanawacheka wazazi wao njiani. Mwalimu mmoja alijaribu kulifundisha kwa ubao, akaandika "hatujambo" na kuikata kwa chaki nyekundu, na mkaguzi wa elimu akamwandikia onyo kwa kufundisha lugha ya uchochezi. Lakini polepole neno likageuka. Ukipita asubuhi Kisimani ukasema hamjambo, ulijibiwa, "Tunalo!" na mtu akakueleza ni lipi. Nilichelewa sana kazini miezi ile.

Siku ya mkutano ilifika. Ilikuwa siku ya mwisho kisheria: jua likizama bajeti haijapata jibu la wananchi, hazina ya kaunti inafungwa, na Gavana alikuwa na safari kesho yake kwenda nchi ya theluji kujifunza kupambana na ukame. Pili alikuwa ameanza kushikwa na maumivu tangu asubuhi. Alikaa kwenye mkeka kivulini mwa turubai langu, wanawake wawili wakimpepea, maana hakuna aliyejua pa kumpeleka. Bi Mashavu alikuwa mstari wa mbele. Kila baada ya muda aligeuka kumtazama.

Msafara ulifika. Zulia likatandazwa, kwaya ikaimba, mshereheshaji akasoma vyeo, akanywa maji, akamalizia vyeo. Gavana akapanda, akainua mkono.

"Wananchi wa Kisimani, hamjambo?"

"Tunalo!"

Gavana akaendelea kutabasamu. Aligeukia fundi wa spika, akamwashiria apunguze mwangwi. Akauliza tena.

"Tunalo! Tunalo jambo!"

Tabasamu likabaki usoni, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Karani alishika kalamu hewani, akimtazama Dakta Kasoro kama mtoto aliyemwaga uji. Dakta Kasoro akamnong'oneza Gavana, na Gavana akabadilisha.

"Habari zenu?"

"Mbaya!"

"Habari za nyumbani?"

"Mbaya zaidi!"

Akawageukia vijana waliokuwa wamepanda ukuta wa zahanati. "Vijana wangu, mambo?"

"Mazito!"

Dakta Kasoro akaona sasa ni wakati wa elimu. Alichukua kipaza sauti, akatengeneza koti. "Ndugu wananchi," alisema, "naona mmepotoshwa. Kuwa na jambo si haki ya kiholela. Kwa mujibu wa Kanuni za Utulivu, mtu haruhusiwi kuwa na jambo bila kibali, na kibali hutolewa kwa asiye na jambo. Hoja ya pili: tuzungumze kitaalamu. Nimesikia mnataka mkunga. Utafiti wa ofisi yangu umethibitisha kwamba hakuna mimba iliyowahi kuzidi miezi kumi. Maana yake nini? Maana yake mimba ni tatizo linalojimaliza lenyewe, bila kuigharimu kaunti. Serikali makini haiwekezi kwenye tatizo la muda."

Kabla hajashusha kipaza sauti, Pili akapiga ukelele. Haukuwa mrefu. Lakini watu wote waligeuka, hata Gavana, na nadhani kwa mara ya kwanza siku ile aliona kwamba lile turubai lilikuwa limefunika watu.

Bi Mashavu hakumwendea. Aliniambia baadaye kwamba miguu ilitaka kwenda, lakini angekwenda na nini? Na kitambaa cha maji? Alibaki amemkazia macho Gavana, machozi yakimtoka, bila kuyafuta.

"Jua linazama, Mtukufu," akanong'ona Dakta Kasoro, akisahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi. "Tumia ile kubwa. Hiyo hawawezi kuikataa. Wakiitikia, tutaandika kwamba wazee wameipokea bajeti kwa marahaba."

Gavana akashuka jukwaani. Alitembea kwenye zulia mpaka mwisho wake, akasimama mbele ya mstari wa wazee, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao lazima aliufanyia mazoezi.

"Wazee wangu," akasema, sauti laini, "shikamooni."

Nakiri niliingiwa na baridi. Watu waliofundishwa kukataa hujambo hawakufundishwa kukataa hii. Nani amewahi kukataa shikamoo? Mwizi akikuingilia usiku akasema shikamoo, utaitikia kwanza ndipo upige yowe. Niliona midomo ya wazee ikijifungua yenyewe. Nilimwona Mzee Shomari akivuta pumzi. Karani alikuwa ameshaandika herufi tatu za kwanza.

"Ngojeni!" akasema Bi Mashavu.

Akasimama. Akavua kandambili ya mguu wa kulia, akaisukuma pembeni, akaunyoosha mguu mbele ya Gavana. Ulikuwa mguu wa mtu anayetembea: kisigino kimepasuka, vumbi jekundu mpaka kwenye kifundo.

"Shika," akasema.

"Nini, mama?"

"Umesema unashika mguu wangu. Ndiyo maana ya shikamoo, Mtukufu, waulize wasomi wako. Ofisini kwako niliambiwa serikali hii inachukua neno kama lilivyotamkwa. Mimi nilitamka hatujambo, mkanichukulia mkunga. Wewe umetamka shikamoo mbele ya kata nzima. Shika mguu."

Gavana akamtazama Dakta Kasoro. Dakta Kasoro akafungua kinywa, na huyo mtu aliyekuwa na ibara kwa kila kitu hakuwa na ibara kwa mguu. Askari mmoja akapiga hatua, lakini mama yake alikuwa mstari wa tatu akamwita kwa jina la utotoni, na askari akarudi alipokuwa. Jua lilikuwa limegusa paa la zahanati. Mtoto ukutani akaanza, na vijana wakadakia, kisha uwanja mzima, si kwa matusi wala kwa hasira, bali kwa kuimba, kama wanaombembeleza mtoto ale: "Shika! Shika! Shika!"

Mtukufu Kitwana Tambo, mwenye vyeo vya kunywewa maji katikati, akapiga goti kwenye vumbi pale zulia lilipoishia. Akanyoosha mikono miwili. Akaushika mguu wa Bi Mashavu.

"Haya, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeshika. Itikia."

"Sijaitikia bado. Mwenye kushika mguu ana haja, na mwenye mguu ana yake. Mkunga wa Kisimani yuko wapi?"

"Yuko... yuko kwenye majukumu maalumu."

"Yuko kwa ng'ombe!" uwanja ukamsahihisha.

"Ng'ombe ataingoja zamu yake," akasema Bi Mashavu. "Toa amri. Usiachie mguu, amri inatoka mdomoni."

Gavana akatoa amri. Gari lake mwenyewe, lile lenye bendera, likageuzwa na kuondoka likipiga king'ora, na kwa mara ya kwanza king'ora kile kilikuwa na sababu. Karani akaamriwa aandike, akaandika kwamba wananchi wa Kisimani waliulizwa kama wana jambo na wakajibu kuwa wanalo, nalo ni mkunga wa kudumu, na zahanati ifunguliwe. Kufuli ilipokosa ufunguo, vijana waliing'oa kwa jiwe, na bango la pongezi likatandikwa chini ya godoro la kitanda kilichokuwa kimekatika kamba.

Nesi Faraji alishuka kwenye gari la Gavana amevaa mabuti ya zizini. Alinawa, akaingia, akafunga mlango. Gavana alikuwa bado amepiga goti. Alijaribu mara moja kulegeza vidole, Bi Mashavu akasema, "Ah-ah," naye akakaza. Dakta Kasoro alikuwa ameketi kwenye kiti changu kimoja akiangalia jua, lililokuwa limebaki ukucha.

Kisha tukasikia mtoto akilia ndani, kilio chenye ghadhabu, na nyuma yake sauti ya Pili ikimwita mama yake.

Bi Mashavu akafumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Gavana kule chini, na bila kebehi, kwa adabu kamili aliyolelewa nayo, akasema, "Marahaba, mwanangu." Akauvuta mguu wake, akaingia zahanati bila kuvaa kandambili.

Gavana akashusha pumzi. Akafuta viganja kwenye suruali, akaweka mkono gotini ili ainuke. Karani alimnyooshea bajeti aitie sahihi kabla jua halijamalizika.

"Bado, mwanangu," akasema Mzee Shomari, aliyekuwa ameshavua kiatu, na nyuma yake mstari mzima wa wazee ukawa unafungua kamba na kuvua makubadhi. "Ulisema shikamooni. Langu mimi ni maji."